Mswahili wa Rumonge katika Taarifa za Zamani

Katika taarifa zilizoandikwa juu ya ufuko wa Ziwa Tanganyika upande wa Burundi, tangu wasafiri wa karne ya kumi na tisa walipoufikia hata siku za magazeti ya Usumbura, yaani Bujumbura ya leo, hapana jina lililotumwa kazi nyingi kama jina la Mswahili. Mahali pamoja ni mchuuzi wa shanga na vitambaa. Pengine ni Mwislamu wa kabila lolote. Pengine ni askari au mkalimani wa Mdachi. Pengine ni mkaazi wa mji asiyemtambua chifu. Pengine ni mfitini wa siasa. Na pengine, kwa bahati yake mbaya, ni mjanja tu ambaye haifai kumkopesha. Msomaji wa haraka hudhani kwamba waandishi hao hawakujua walisemalo. Mimi naona walijua zaidi ya wanavyodhaniwa, kwa kuwa ukizipanga taarifa hizo kwa miaka yake, na ukamtazama kila mwandishi alikuwa akitafuta nini alipoandika, hudhihirika kwamba chini ya maana hizo zote ilikuwapo moja iliyozibeba nyingine: Mswahili alikuwa mtu aliyeonekana ufukoni lakini hakuwa na ganwa, yaani mkubwa wa ukoo wa kifalme, wala mtware, wala chifu wa kuulizwa habari zake.

Asili ya neno haina fumbo. Sawahil ni wingi wa sahil, yaani ufuko, na Ibn Battuta alipopita Mombasa na Kilwa mwaka 1331 aliitaja nchi ya Sawahil kama mtu atajaye jambo linalojulikana. Walakini wenyeji wa pwani, kwa muda mrefu, hawakuwa na haja kubwa ya jina hilo. Mtu alikuwa Mwamu, au Mmvita, au Mtumbatu, au Mngazija, na aliyetaka kuongeza alitaja ukoo na mtaa wake. Jina la jumla huhitajiwa na mgeni, au na mwenyeji aliyekwenda ugenini, na ndiyo sababu neno Mswahili lilipata nguvu zaidi likiwa njiani, nyuma ya misafara, kuliko lilizokuwa nazo Lamu au Mombasa. Lilipofika Tanganyika lilikuwa limekwisha kutembea miezi mitatu au minne kwa miguu, na halikufika jinsi lilivyoondoka.

Burton na Speke waliingia Ujiji Februari 1858, na mwezi Aprili wakapanda mitumbwi kufuata ufuko wa Urundi hadi Uvira wakitafuta mto wa kaskazini. Katika kitabu alichokichapa mwaka 1860, Burton aliwaandika Wasawahili kama kaumu yenye tabia zake, akiwapima kwa kipimo cha Mwarabu na kuwaona wamepungua. Stanley, aliyekuwa mwandishi wa gazeti la New York Herald, alipopita ufuko huo pamoja na Livingstone mnamo Novemba 1871, akauona mto Rusizi ukiingia ziwani badala ya kutoka, alikuwa na neno jingine: yeye aliandika Wangwana. Maneno haya mawili hayakuwa na uzito mmoja. Uungwana ni daraja. Ni kusema kwamba huyu si mtumwa wa mtu. Uswahili ni mahali. Ni kusema kwamba huyu ametoka pwani. Lakini kwa kweli wengi wa wapagazi walioitwa kwa majina hayo hawakuzaliwa pwani hata kidogo. Walikuwa Wanyamwezi, Wayao na Wamanyema waliokwenda Unguja au Bagamoyo, wakarudi na kanzu, kofia na lugha, na hilo likatosha. Huko Kongo lile neno la Stanley lilisalia katika jina la lugha, ambayo watu waliiita Kingwana miaka mingi baadaye. Upande wa Burundi lilizama, likabaki Mswahili.

Rumonge, mji wa ufuko huo huo, iliingia katika habari za Ulaya kwa msiba. Mapadre Weupe walifika hapo mwaka 1879, na tarehe 4 Mei 1881 mapadre Deniaud na Augier, pamoja na msaidizi wao d'Hoop, Mbelgiji, waliuawa. Waliowaua walikuwa Wabikari, majirani wa hapo hapo ufukoni, na chanzo kilikuwa ugomvi juu ya mtoto ambaye mapadre walimkomboa na jamaa zake wakamtaka. Ni kisa cha ujirani ulioharibika, na kukielewa yatosha kujua ni nani aliyekuwa mzazi wa nani. Lakini katika miaka iliyofuata, Kardinali Lavigerie, mkuu wa Mapadre Weupe, alipozunguka Paris, London na Brussels mwaka 1888 akihubiri dhidi ya biashara ya watumwa, ufuko mzima wa Tanganyika ulikwisha kupata mkosaji mmoja mwenye jina moja, naye ni Mwarabu.

Hapa inafaa kutulia kidogo, maana Mwarabu na Mswahili katika taarifa za miaka hiyo walikuwa mara nyingi mtu yule yule aliyetazamwa kwa umbali tofauti. Aliyetajwa kuliko wote katika sehemu zetu ni Mohamed bin Khalfan al-Barwani, mtu wa ukoo wa Lindi, ambaye lakabu yake ilikuwa Rumaliza. Alikaa Ujiji, akaueneza mkono wake juu ya ufuko hadi Uvira, akajaribu kupanda milimani kwa mwami, yaani mfalme, Mwezi Gisabo asifaulu. Taarifa zilimwita Mwarabu, na kwa nasaba ya baba yake haikuwa uongo. Watu waliomfuata nao waliitwa Waarabu vitani, wakaitwa Waswahili sokoni, wakaitwa Wangwana walipochukuliwa kwa mshahara, ilhali wengi wao walikuwa wana wa Manyema. Hata vile vita vya 1892 hadi 1894, ambavyo vitabu vya Ubelgiji vilivipa jina la vita vya Waarabu, vilipiganwa kwa pande zote mbili na Waafrika wengi na Waarabu wachache. Tippu Tip mwenyewe, Hamed bin Muhammed al-Murjebi, ambaye kwa wasomaji wa Ulaya alikuwa Mwarabu wa Waarabu, alipotaka kusimulia maisha yake aliyasimulia kwa Kiswahili, na Heinrich Brode akayachapa Berlin mwanzoni mwa karne ya ishirini. Kwa hiyo mimi nisomapo taarifa ya wakati ule, cheo cha mtu hukitafuta katika hesabu ya bunduki zake kabla ya kukitafuta katika jina alilopewa.

Wajerumani waliojenga boma la Usumbura mwaka 1897 walipunguza hofu na kuongeza utaratibu. Waliandika Suaheli, kwa herufi zao, na mara nyingi walikusudia lugha kwanza na mtu baadaye: askari wao walikiongea, makarani wao walikiandika, wakalimani wao walikitafsiri kwa watu wa milimani ambao hawakukijua. Mrundi aliyekwenda bomani kushitaki alikuta baina yake na mzungu amesimama mtu wa tatu, mwenye kanzu au sare, naye ndiye aliyekuwa serikali kwa macho yake. Si ajabu basi kwamba neno likapata harufu ya hongo na ukali. Ila Wajerumani hao hao, hususan baada ya barua zilizodaiwa kutoka Makka kuzagaa katika koloni mwaka 1908 na kuwatia maafisa wasiwasi, walianza kuuliza kama chombo walichokitumia hakikuwa pia njia ya Uislamu kuingia bara. Tangu hapo Suaheli wa taarifa akawa na sura mbili: mtumishi wa lazima na mtu wa kutazamwa.

Wabelgiji waliitwaa nchi mwaka 1916, wakapewa kuitawala kwa amana ya Shirika la Mataifa, na kila mwaka walipeleka taarifa Geneva. Humo ndimo jina letu lilimoingia daftarini. Utawala wao ulijengwa juu ya mwami na machifu: kodi ilipitia kwa chifu, kazi za lazima zilipitia kwa chifu, kesi zilianzia kwa chifu. Mpango kama huo hauna pahali pa mtu aliyekaa mwambao akiuza samaki na mafuta ya mawese, aliyezaliwa na baba Mmanyema na mama Mrundi, anayeswali, na ambaye hakuna chifu wa milimani anayemdai wala anayemtaka. Palikuwa na Wabembe waliovuka kutoka Fizi, palikuwa na Wajiji, palikuwa na Wakongo wa makabila kadha wa kadha, na palikuwa na Warundi walioshuka Imbo, yaani bonde la ziwa, wakasilimu, wakabadili majina na hawakupanda tena. Wote hao karani alihitaji kuwaandika katika safu moja, na safu hiyo ikaitwa Waswahili. Baadaye sheria ikaipa hali hiyo istilahi ya kiofisi: makao yaliyo nje ya mila, ambayo amri yake ilitolewa kwa Kongo mwaka 1931 na kisha mpango huo ukapelekwa Ruanda-Urundi. Buyenzi ya Usumbura ikawa mji wa namna hiyo, na Rumonge nayo ikawa na mtaa wake ulioitwa Swahili, jina ambalo mtaa huo unalo hata leo.

Fikirini maana ya kuwa nje ya mila. Kwa mwandishi wa taarifa ilikuwa kasoro: mtu aliyetoka katika kabila lake asiingie katika jingine, asiye na adabu za wazee wala elimu ya shule. Taarifa nyingi humtaja kwa huzuni ya namna hiyo, kama mtu asemaye juu ya mtoto aliyepotea. Lakini kwa mwenyewe aliyeandikwa, kuwa nje ya mila kulikuwa na faida ambazo hakuzisema mbele ya karani. Hakupeleka kwa chifu mtungi wa pombe wala ng'ombe, hakulima shamba la chifu, na binti yake hakuozwa kwa shauri la mkubwa wa kilima. Mrundi maskini aliyeshuka Rumonge akapata kibarua katika mitumbwi ya wavuvi wa ndagala, akajifunza lugha ya ufukoni na kwenda msikitini Ijumaa, baada ya miaka michache alikuwa Mswahili, na mwanawe alizaliwa Mswahili. Hakuna afisa aliyeuona mpaka huo ukivukwa, kwa sababu haukuwa na lango.

Hapo ndipo ninapoliona jambo la ajabu kuliko yote katika habari hii. Miaka ile ile ambayo jina la Mswahili lilikuwa likijaa watu katika mwambao wa Tanganyika, lilikuwa likimwagika watu katika pwani lilikotoka. Huko Unguja na Pemba watumwa walioachwa huru baada ya amri ya 1897 walilipokea kwanza kwa furaha, kwa kuwa liliwafanya wenyeji. Lakini kadiri lilivyozidi kudokeza utumwa wa zamani ndivyo walivyolikimbia. Hesabu ya watu ya Unguja ya mwaka 1924 iliandika Waswahili zaidi ya 30,000, na hesabu ya mwaka 1931, miaka saba tu baadaye, iliandika kama 2,000. Hakukuwa na tauni wala gharika iliyowafagia. Watu wale wale walijiandika Washirazi, au Wahadimu, au Watumbatu. Mombasa nako, mabwana wa Thenashara Taifa, yaani yale mataifa kumi na mawili ya wenyeji wa mji, walidai miaka mingi wahesabiwe pamoja na Waarabu, maana sheria za Kenya zilimpa Mwarabu haki ambazo hazikumpa Mswahili.

Sababu ya tofauti hii ni nyepesi kueleza kama mtu ataacha kuliangalia neno na kuiangalia serikali. Pwani, sheria ilikuwa na ngazi iliyopanda kutoka kwa mwenyeji hadi kwa Mwarabu hadi kwa mzungu, na Mswahili alikuwa kwenye kipago cha chini. Aliyeweza kupanda alipanda. Urundi, ngazi ilikuwa ya mwami, ganwa na raia, na Mswahili hakuwa kwenye ngazi hiyo popote, jambo ambalo kwa aliyekuwa chini yake kabisa lilikuwa ahueni. Mtu wa Rumonge hakuwa na haja ya kujiita Mshirazi, kwani hakuna aliyempunguzia haki kwa kuwa Mswahili kuliko alivyopunguziwa jirani yake kwa kuwa mtu wa chifu. Wanazuoni wanaouliza Waswahili ni nani, nao ni wengi, wamelitafuta jibu zaidi Lamu na Unguja. Nadhani wangelipata upesi zaidi katika madaftari ya Burundi, ambako jina lilivaliwa na watu wasio na babu mmoja wa pwani.

Siasa ya uhuru iliipa taarifa sababu mpya ya kumtaja. Mwanamfalme Louis Rwagasore, alipokuwa akijenga ushirika wa wafanyabiashara na kisha chama cha UPRONA tangu 1958, alipata katika Buyenzi watu walio tayari: wachuuzi wenye fedha kidogo na maneno mengi, wenye jamaa Kigoma, waliosikia habari za TANU, chama cha uhuru cha nchi jirani ya Tanganyika, kabla hazijafika Gitega. Kwa machifu wengi chama kilikuwa tishio. Kwa Buyenzi kilikuwa mlango wa kuingia katika taifa ambalo sheria iliwaweka nje yake. Katika maandishi ya maafisa Mswahili sasa akawa mchochezi, ingawa mwaka mmoja kabla walimwandika kuwa hana asili wala mwelekeo. UPRONA ilishinda uchaguzi wa Septemba 1961, na tarehe 13 Oktoba ya mwaka huo huo Rwagasore alipigwa risasi katika hoteli iliyo kando ya ziwa. Uhuru ulikuja tarehe 1 Julai 1962 bila yeye, na miaka iliyofuata ilikuwa na maneno mengine.

Nasema maneno mengine kwa sababu tangu hapo taarifa za Burundi ziliandikwa kwa majina mawili, Mhutu na Mtutsi, na la tatu halikuwa na nafasi. Ghasia zilipozuka Rumonge, Nyanza-Lac na Bujumbura tarehe 29 Aprili 1972, na kufuatiwa na mauaji makubwa ya Wahutu ambayo wachunguzi huyakadiria kwa mamia ya maelfu, habari za mwanzo ziliwaita washambuliaji kwa jina la Mulele, mtu wa Kwilu huko Kongo aliyekwisha kuuawa Kinshasa mwaka 1968 na ambaye hakuwahi kuwa na jambo lolote Rumonge. Jina la mbali likafanya kazi ya kulitaja jambo la karibu ambalo mwandishi hakutaka au hakuthubutu kulichunguza. Maelfu ya watu walivuka kwenda Kigoma kwa mitumbwi, wakapelekwa katika makazi ya wakimbizi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Zaidi ya 160,000 katika wakimbizi hao na watoto wao walikuja kupewa uraia wa Tanzania. Wengine walirudi, na waliorudi Rumonge wakakuta mashamba yao ya michikichi yana wenyewe wapya. Kiswahili cha hao waliorudi kilijifunzwa Tabora na Rukwa, lakini taarifa za Kifaransa ziliwaita warejea tu, na suala lao likawa ardhi.

Imebaki ile maana ya ujanja. Katika Kirundi cha milimani umuswahili ni Mwislamu au mtu wa mtaa, lakini pia ni mtu wa maneno matamu asiyetimiza. Mnunuzi aliyeshuka na madebe yake kutafuta mawese, akisikia bei ikitajwa kwa kicheko na kiapo, humnong'oneza mwenzake asimwamini sana huyo Mswahili. Na dakika tano baadaye wote watatu wamekubaliana, dumu limejaa hadi shingoni, na muuzaji ameongeza kikombe bila kuombwa. Tanzania nako husemwa mambo ya Kiswahili na Uswahilini kwa maana isiyo mbali na hiyo, na hapo aghalabu anayesema ni Mswahili mwenyewe. Sioni katika maana hii zaidi ya chuki ya kale ya mkulima kwa mchuuzi, ambayo ipo kila mahali penye soko, isipokuwa kwamba hapa mchuuzi alikuwa na dini yake na lugha yake, na kwa hiyo chuki ilipata jina lililo tayari. Waandishi wa mwanzo waliichukua kutoka kwa watu wa milimani, wakaipa heshima ya kitaalamu kwa kuiita tabia.

Ingefaa kuwekwa mbele ya taarifa hizo zote jambo moja la karibuni. Katika vita vilivyoanza Oktoba 1993, mitaa ya mji wa Bujumbura ilipogawanyika kwa damu, Buyenzi ilijulikana kwa kuwaweka watu wa pande zote, na familia zilizokimbia mitaa mingine zilijificha humo. Sidai kwamba Waswahili ni watu bora kuliko wengine. Humo nao walikuwamo wezi na wenye fitina. Nasema tu kwamba mtaa uliojaa watu wasioandikwa upande wowote uliweza kufanya jambo ambalo mitaa iliyoandikwa haikuliweza, na kwamba hakuna taarifa ya Wabelgiji iliyokisia kuwa kasoro ile ya kuwa nje ya mila ingeleta faida kama hiyo.

Siku hizi taarifa hizi za zamani zinachapwa upya, zinatafsiriwa, na wanafunzi wa Burundi na wa Tanzania wanazisoma, hasa tangu Burundi ilipoingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007 na Kiswahili kuanza kufundishwa shuleni. Nimeona mtindo wa watafsiri kusafisha: palipoandikwa Swahilis wanaweka Waislamu, au wafanyabiashara, au wakaazi wa mjini, wakidhani wanamsaidia msomaji. Wanamnyima jambo lenyewe. Liacheni neno kama lilivyoandikwa, hata linapochukiza, na pembeni yake wekeni mwaka, jina la mwandishi na kazi iliyomleta ufukoni: kama alikuwa anatafuta wapagazi, au waumini, au kodi, au wapinzani wa serikali. Kwa habari hizo tatu msomaji wa Rumonge ataweza kumtambua babu yake katika ukurasa huo bila kuambiwa na mtu.